Picha za Vijana Wetu Zitoke Kambini, Ziingie Mjini

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia za wahami wa vita na viongozi wa mji wa Bunia, Ituri

 

Tumekuja kuzungumza juu ya jambo moja. Vijana wa kambi na vijana wa mitaa ya Bunia wamechora picha pamoja. Sasa wanaomba picha hizo zitundikwe mahali pa watu wote: sokoni, karibu na bomba la maji, mbele ya hospitali, kandokando ya barabara kuu. Hawataki zibaki ndani ya kambi, mahali ambapo wanaozitazama ni wale wale ambao habari yake wanaijua tayari.

Tulipopita kwenu wiki zilizopita, mlituuliza maswali mawili. Wahami walituuliza: "Watoto wetu hawana unga, picha ni za nini?" Viongozi walituuliza: "Mkitundika picha za vita barabarani, si mtaamsha vita?" Maswali yote mawili ni ya haki, nasi tutayajibu moja baada ya lingine.

Picha haishibishi

Tuseme wazi: picha haishibishi. Haizibi turubai linalovuja, wala hailipi karo ya shule. Shirika likija kwenu na rangi na brashi, likasema kwamba hiyo inachukua nafasi ya chakula, lirudisheni lilikotoka. Vilevile, kuchora si dawa ya moyo ulioumia. Kijana asiyelala usiku kwa sababu ya mambo aliyoyaona anahitaji mtu wa kumsikiliza katika nyumba ya usikilizaji au kituo cha afya. Asiambiwe achore halafu aachwe peke yake.

Lakini mhami ana shida nyingine pia, nayo hainunuliwi kwa unga. Ni jina analopewa. Mnajua maneno yanayosemwa kwenye bomba la maji: "Hawa wa kambi ndio wezi. Hawa wa kambi ndio wanaoleta uchafu." Na kambini kuna maneno pia: "Wenyeji wanatulimisha kwa bei ya bure, wanatuona kama watu wasio na kwao." Ghasia zilizorudi katika wilaya ya Djugu mwezi wa Desemba 2017 zilileta maelfu ya watu Bunia mwanzoni mwa mwaka 2018. Walikaa kwenye uwanja wa hospitali kuu, wengine karibu na chuo cha ualimu, na mwaka 2019 kambi ya Kigonze ikafunguliwa. Mtoto aliyefika akiwa na miaka minane ni kijana leo. Amekulia hapa, lakini mji haujui alikotoka.

Msichana mmoja kati ya wachoraji wetu alichora mlango wa nyumba yao ya zamani. Mbele ya mlango kuna ghala la maharagwe, mafiga matatu, na mama anayepepeta. Hakuna moto wala bunduki. Tulipoionyesha kwa mara ya kwanza mbele ya wenyeji wachache, mama mmoja anayeuza mboga sokoni aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Kumbe walikuwa na ghala?" Alikuwa amewaona wahami wakipanga foleni ya msaada tu. Hakuwa amefikiri kwamba nao walikuwa watu wa kuvuna na kumgawia jirani. Picha ile haikumpa mtu chakula. Ilimrudishia msichana heshima ya kuwa mtoto wa mkulima.

Kazi hii si ngeni kwetu

Wengine wanafikiri kwamba jambo hili limeletwa na wageni. Sivyo. Nchi yetu ina desturi yake ya picha za watu wa kawaida. Lubumbashi, katika miaka ya 1970, wachoraji wengi walichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga na kuuza kwa familia za wafanyakazi. Watu waliziita picha za ukumbusho. Nyingine zilionyesha mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki. Nyingine zilionyesha enzi ya Wabelgiji: askari anamchapa mfungwa, na mzungu anasimama akitazama. Picha hizo zilitundikwa sebuleni. Mgeni akiingia anauliza, baba anaanza kueleza, watoto wanasikiliza. Hivyo historia ambayo haikuandikwa katika vitabu vya shule ikabaki nyumbani.

Mchoraji mmoja wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora picha zaidi ya 100 za historia ya nchi kati ya mwaka 1973 na 1974. Mtafiti Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu huko, alikaa naye na kumsikiliza akizieleza kwa Kiswahili, picha moja baada ya nyingine. Kinshasa nako, Chéri Samba alifungua karakana yake mwaka 1975. Alikuwa akiweka picha zake nje, na kuandika maneno ndani ya picha ili mpita njia asimame na kusoma.

Hawa hawakungoja jumba la makumbusho. Walijua kwamba picha inafanya kazi pale inapoonwa na watu, na watu wakaulizana.

Picha inaweza kugawanya pia

Sasa tunafika kwenye swali la viongozi. Hofu yenu ina msingi. Katika mji wa Belfast, huko Ireland ya Kaskazini, kwa miaka mingi picha kubwa za ukutani zilitumiwa kuonyesha mtaa huu ni wa nani. Ukiona picha ya mtu aliyefunika uso na kushika bunduki, unajua ni upande gani unaotawala hapo, na kama wewe ni wa upande mwingine unarudi ulikotoka. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi mwaka 1998, lakini picha zilibaki ukutani. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa kuzungumza na wakaaji, mtaa kwa mtaa, ili picha za vitisho zibadilishwe na nyingine ambazo wakaaji wenyewe wanazikubali. Amani ya karatasi ilikuwa imefika kabla ya amani ya ukuta.

Hapa Bunia tunajua mji uliogawanyika ulivyo. Mwezi wa Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka na wanamgambo wakapigana mitaani, maelfu ya watu walikimbilia uwanja wa ndege na makao ya Umoja wa Mataifa. Kuna mitaa ambayo mtu hakuweza kuikanyaga kwa sababu ya kabila lake. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 50,000 walikufa Ituri tangu mwaka 1999 hadi 2003. Na hata kambi haikuwa salama baadaye: mwezi wa Februari 2022, watu wapatao 60 waliuawa usiku katika kambi ya Plaine Savo. Mtu anayesema picha ni mchezo wa watoto hajui mahali tulipo.

Tatizo lilitufikia mapema. Kijana mmoja alichora ng'ombe wakiswagwa na watu wenye mapanga. Mzee mmoja alipoona mchoro wa kwanza alikasirika. Alisema: "Hapa kila mtu akiona ng'ombe anasoma Mhema, na akiona jembe anasoma Mlendu. Kwa hiyo kijana huyu ametutaja sisi kuwa wezi." Sote tunawajua Walendu wenye ng'ombe na Wahema wanaolima. Hata hivyo, mzee alisema kweli juu ya namna watu wanavyosoma. Kijana naye alijibu kwa adabu lakini bila kurudi nyuma: "Baba, ng'ombe wetu walichukuliwa kweli. Nikiwafuta, nitakuwa nimesema uongo."

Ilichukua mikutano mitatu. Hatukutaka mzee ashinde kijana, wala kijana ashinde mzee. Katika mkutano wa tatu, kijana wa jumuiya nyingine, aliyekuwa amenyamaza muda wote, alileta mchoro wake: ghala linaungua, na bibi kizee amekaa chini akilitazama. Alisema: "Hili lilikuwa letu." Mzee akatazama michoro yote miwili. Kisha akasema zitundikwe pamoja, kwenye ubao mmoja, na chini yake yaandikwe maneno ambayo vijana wote wawili wanayakubali. Waliandika: "Hivi ndivyo tulivyopoteza. Tunataka vijulikane, visirudiwe."

Angalieni vizuri: hatukuweka picha mbili ili kupima machozi kwenye mizani. Machozi hayapimwi. Tuliziweka pamoja kwa sababu kila mmoja alikubali jirani yake aseme alichopoteza, mbele ya mji mzima. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini anayeonyesha kidonda chake sokoni anataka pia kujua kwamba hawatamtia chumvi.

Mambo tuliyokubaliana

Kutokana na mazungumzo hayo, vijana, wazee na wawakilishi wa kambi walikubaliana haya:

1. Hakuna picha inayotundikwa kabla ya mchoro wake wa penseli kutazamwa na watu wa kila jumuiya, wanawake wakiwemo. Kubishana wakati wa penseli ni rahisi; kubishana baada ya picha kutundikwa ni hatari.

2. Picha inaonyesha tendo, haimtaji mtendaji. Hakuna jina la kabila, la kijiji wala la kikundi cha silaha. Kazi ya kushitaki ni ya mahakama.

3. Hakuna uso wa mtu anayetambulika bila ruhusa ya mwenyewe au ya jamaa zake. Kijana mmoja alichora jirani yake aliyeuawa, kwa kufanana sana. Mama wa marehemu aliombwa ruhusa, akakataa. Picha haikutundikwa, alipewa yeye, naye akaiweka ndani.

4. Mchoraji haandiki ukoo wake wala kijiji chake. Akitaka, anaandika jina moja tu.

5. Picha hazitundikwi kwenye ukuta wa chama cha siasa, wa kanisa moja au msikiti mmoja, wala wa duka la mtu. Tunatafuta mahali ambapo kila mtu anapita bila kuulizwa wewe ni nani.

6. Maneno ya maelezo ni mafupi, kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha tunayonunulia chumvi sote. Siku ya soko vijana wawili, mmoja wa kambini na mmoja wa mjini, wanasimama hapo ili kueleza. Wanashika daftari. Asiyejua kuandika anasema, nao wanamwandikia.

7. Nembo ya shirika, hata letu, isizidi ukubwa wa kiganja. Mgeni akija kupiga picha za kamera, aombe ruhusa kwa wachoraji kwanza.

Kuna jambo dogo la ufundi pia. Jua la Bunia linafifisha rangi, na mvua inavimbisha mbao. Vijana wamechora juu ya tripleksi kwa rangi ya nyumba, wakapaka vernisi mbele, nyuma na kwenye kingo, maana maji huingilia kwenye kingo. Kila ubao utawekewa kipande cha bati juu, kama paa. Hata hivyo hazitadumu milele. Zikichakaa zitashushwa, na vijana wengine watachora zao.

Tunachowaomba

Kwenu viongozi wa mji na wa kata: tunaomba ruhusa iliyoandikwa, yenye orodha ya mahali na muda, na nakala yake ifike polisi, ili kijana asikamatwe akiwa na nyundo na misumari mkononi. Tunaomba pia kwamba wakati wa kampeni picha hizi zisifunikwe na mabango ya wagombea.

Kwenu wenyeviti wa kambi: msichague watoto wa wakubwa peke yao. Wapeni nafasi wasichana, wapeni nafasi vijana wenye ulemavu, na wapeni nafasi wale ambao hawakusoma. Mkono unaochora hauulizwi diploma.

Kwenu wazazi: msimlazimishe mtoto kuchora vita ili kumpendeza mgeni. Akitaka kuchora mpira wa miguu, aachwe achore mpira. Mtoto wa kambi ana haki ya kuchora furaha.

Kwenu wenyeji wa Bunia: mkiona picha ambayo haiwapendezi, msiing'oe usiku. Njoni mchana, mwulizeni kijana aliyesimama hapo. Maneno yenu yataandikwa kwenye daftari, na katika mkutano wa kila mwezi yatasomwa mbele ya wote, hata yakiwa makali.

Na kwenu vijana: mmefanya kazi ngumu. Mmekaa meza moja na watu ambao wazazi wenu waliwakataza kuwasalimu. Msidhani kwamba picha zikitundikwa kazi imekwisha. Atakuja mtu mwenye hasira kusimama mbele ya ubao, na ninyi ndio mtakaomjibu kwanza. Mjibuni kama kijana yule alivyomjibu mzee: kwa adabu, na bila kusema uongo.

Ubao wa kwanza uko tayari, wenye ng'ombe na ghala. Mahali palipopendekezwa ni karibu na soko kuu. Baada ya maneno haya tutagawa karatasi yenye yale mambo saba. Yasomeni pamoja na watu wenu, na mtuletee neno kama mnakubali au kuna la kurekebisha. Hautatundikwa kabla ninyi hamjajibu.