Simu na Programu Zake: Maneno ya Komite Mbele ya Mkutano



Mutatuuliza: komite inatoa wapi muda wa kuongea mambo ya simu, na mbegu bado hazijafika? Ni juu ya feza ya likelemba. Wote munajua kilichompata mama mmoja wetu, lakini kila mutu anasimulia kivyake. Tuseme basi vile ilivyokuwa.

Mama alipokea ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mutu anayemjua: "Nimekosea, nimetuma namba sita kwa simu yako, nirudishie." Kweli namba zilikuwa zimefika kwa SMS. Akazituma. Kumbe huyo mutu naye alikuwa ameisha kuibiwa akaunti yake, aliyeandika ni mwizi. Namba zile sita ni ufunguo ambao WhatsApp inatuma wakati akaunti inafunguliwa kwa simu ingine. Kufumba na kufumbua, mwizi akaandika katika grupu yetu kwa jina la mama na picha yake, kwamba mutoto amelazwa. Wengi wetu tulituma. Mwenye kushika kasha akatuma na zamu ya likelemba ya mama mbele ya siku yake. Hakuna hata franka moja iliyorudi.

Kuna waliosema mama alisikilizana na mwizi. Komite inakataa neno hilo. Tulikaa naye, tukaona simu yake. Na sisi wenyewe tulituma feza bila kumupigia, na nyumba yake iko hapa hapa nyuma ya soko.

Dawa iko. Katika WhatsApp, ingia kwenye mipangilio, kisha akaunti, uweke namba ya siri ya pili, ya tarakimu sita, unayoijua wewe tu. Mwizi akipata ile ya SMS, hii itamuzuia. Na kama akaunti imeisha kwenda, ifungue tena kwa namba yako bila kukawia, maana ukiingia wewe, yeye anatoka. Tena, mutu akiomba feza kwa maandishi, piga simu usikie sauti yake. Inite za kupiga zinakula kidogo kuliko mwizi.

Jambo la pili linatugusa sisi tuliorudi kutoka Nyarugusu. Wengi tulirudi na WhatsApp ya namba ya Tanzania, ile ya 255, na kadi yenyewe tuliisha kuitupa ao iko katika sanduku. Kadi isipotumika muda mrefu, kampuni inaweza kumupa mutu mwingine namba hiyo. Siku akifungua WhatsApp yake, yako inafungwa, na wanaokuandikia wanaangukia kwake. Musingoje. Ndani ya mipangilio kuna fasi ya kubadilisha namba: unaweka ile ya zamani na mupya ya 243, na grupu zako zinabaki.

Ni vile vile kwa feza. M-Pesa ya Tanzania na M-Pesa ya Congo zina jina moja, lakini akaunti ni mbalimbali. Ile ni ya shilingi. Hii yetu, iliyoanza 2012, inashika franka na dola. Mufadhili akiomba namba, mupe ya hapa, na mujulishe jina kama lilivyoandikwa kwenye kadi ya simu, si jina la nyumbani. Airtel Money na Orange Money zinafanya kazi sawa hivyo, na zote zinaenda hata kwa simu ndogo ya tochi, bila intaneti. Pale kabini usimupe mutu namba yako ya siri, hata kama macho yako hayaoni vizuri. Kuja na mutoto wako.

Sasa habari za vita. Munakumbuka usiku ule wamama walipotoka na watoto juu ya sauti moja iliyosambazwa? Ilikuwa sauti ya zamani. WhatsApp inaweka mishale miwili juu ya ujumbe uliopita mikononi mwa watu wengi. Ukiiona, sikiliza kwanza Radio Okapi, iko kwa redio na kwa simu, na inasema Kiswahili. Lakini hatutamucheka aliyekimbia. Tuliisha kukimbia mara ngapi na ikawa kweli?

Wanaouza fasi kwa liste ya kwenda Bulaya ao Marekani, nao ni wezi. Huduma za HCR hazilipwi.

Kwa barua za Kifaransa, Google Translate inasaidia: unaelekeza kamera juu ya karatasi, inakuonyesha maana kwa Kiswahili. Tangu 2022 inajua na Lingala. Inakosea, basi karatasi ya shamba ao ya tribinali muletee mutu aliyesoma.

Jumamosi kisha mkutano vijana wawili watakaa chini ya muembe kuwasaidia kuweka namba ya siri ya pili. Kuja na simu yenye moto. Namba yenyewe utaiandika wewe, kijana ageuze uso.

Imebaki deni la likelemba. Komite inaomba tuligawanye sisi wote, mama asilibebe peke yake. Anayekubali anyanyue mukono.