Mchezo wa Dakika Tano: Kivinjari, Bao na Muda wa Kusubiri Usambara

Mhadhara wa umma, Lushoto



Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya intaneti inayopita baharini, EASSy na Seacom, ilikatika huko kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kurasa hazikufunguka, ujumbe ukazunguka bila kufika. Aliyefungua kivinjari cha Chrome siku ile alikutana na mnyama mdogo wa kijivu amesimama jangwani. Ukigusa kioo, anaanza kukimbia na kuruka miiba. Mtandao ulikuwa umelala, mchezo uko macho.

Mnyama huyo ni dinosa, na Google walimweka ndani ya Chrome mwaka 2014. Utani wao ni kwamba mtu aliyekosa intaneti amerudishwa zama za kale. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilisema mchezo huo unachezwa mara milioni 270 kila mwezi, na wachezaji wengi wanatoka nchi ambazo intaneti ya simu ni ghali au ya kubabaisha: India, Brazil, Mexico, Indonesia. Kwa hiyo mchezo ulioanza kama mzaha wa watu wenye mtandao wa uhakika umepata wenyeji wake kwa watu wasio nao. (Dinosa huyo ni tairanosa, mnyama ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Lau wangetuuliza, tungewapa jitu la Tendaguru, Lindi, ambalo mifupa yake Wajerumani waliifukua kati ya 1909 na 1913 na hadi leo imesimama Berlin.)

Sisi wa milimani hatukungoja mkongo ukatike ndipo tumjue dinosa huyo. Mawimbi ya simu hayapendi kupinda kona. Aliye ukingoni mwa mlima anayeiona nyika chini yake anaweza kupata mnara wa mbali, na jirani yake aliyeko bondeni akakosa hata ule wa karibu, kwa kuwa mlima umekaa katikati. Mtandao wa hapa huja vipande vipande, na muda wetu pia ndivyo ulivyo. Abiria wa Mombo anangoja gari lijae ndipo lianze kupanda kona za Soni. Dereva wa lori anangoja kabichi na karoti zipakiwe ili asafiri usiku na kulifikia soko Dar es Salaam alfajiri. Mwanafunzi anangoja zamu yake kwenye kompyuta ambayo darasa zima linaitegemea. Hivyo ndivyo vipande vya muda ambavyo michezo ninayoizungumzia leo imekatwa ikatoshea.

Nazungumzia michezo midogo inayofunguka ndani ya kivinjari, ile ile programu tunayosomea habari na kuangalizia matokeo ya mitihani. Haipakuliwi, na mingi haiombi jina wala namba ya simu. Ukifunga ukurasa, imekwisha. Wasomi wengi wa michezo ya kompyuta huipita haraka, kana kwamba ni makapi pembeni ya ile michezo mikubwa yenye vita na sinema. Mimi naona wamekosea mahali pa kutazama. Mchezo mkubwa unataka mashine yenye nguvu, nafasi ya kuhifadhi, bando nono na mwenye mali aliyetulia nyumbani kwake. Mchezo wa kivinjari haujali kompyuta ni ya nani. Unachezeka kwenye kompyuta ya shule, ya stesheneri, au kwenye simu ya shangazi kabla hajaidai. Watu wengi wameingia kwenye kompyuta wakiwa wageni wa mashine ya mtu mwingine, na mchezo huu uliwapokea hivyo hivyo.

Wazee mnacheka, lakini nanyi mmo. Mchezo wa nyoka mlioucheza kwenye Nokia za vitufe uliandikwa na Taneli Armanto wa Finland kwa ajili ya Nokia 6110 iliyotoka mwaka 1997. Leo nyoka huyo huyo anatambaa ndani ya kivinjari, anakula, anarefuka, na bado anakufa kwa kujigonga mkia.

Mwezi Machi 2014 kijana wa Italia mwenye umri wa miaka 19, Gabriele Cirulli, aliandika mchezo wa namba unaoitwa 2048 kwa siku chache tu. Unasukuma vigae, viwili vinavyofanana vinaungana, 2 na 2 zinakuwa 4, na safari inaendelea hadi 2048. Aliliazima wazo kwa waliomtangulia na akalisema hilo wazi. Kisha akaiweka programu yote hadharani, bure, yeyote aisome na kuibadilisha. Zikaota nakala zisizohesabika. Kwa mwalimu wa kompyuta, hiyo ni zawadi kubwa kuliko mchezo wenyewe, kwani mwanafunzi anaweza kuufungua, akaona jinsi kigae kinavyojua mahali pa kusimama, akaondoa namba na kuweka picha za mboga za gulio, mchezo ukaendelea kwenda. Ninapomsikia mwalimu akijisifu kwamba maabara yake haina mchezo hata mmoja, huwa najiuliza wanafunzi wake wanapata wapi hamu ya kujua mashine inafikirije.

Wepesi huu wa kucheza bila kupakua una gharama yake. Kwa zaidi ya miaka kumi sehemu kubwa ya michezo ya kivinjari iliegemea programu moja, Flash, iliyokuwa mali ya Adobe. Mwaka 2010 Steve Jobs wa Apple aliandika waraka wa kuikataa kwenye simu zake. Mwaka 2017 Adobe wakatangaza kuiua, na tarehe 31 Desemba 2020 wakaacha kuihudumia. Maelfu ya michezo yakawa mafaili yasiyofunguka. Yaliyookolewa yaliokolewa na watu wa kujitolea, kama wale wa Flashpoint walioanza kuikusanya mwaka 2018, na wa Ruffle walioandika programu ya kuifufua.  Mchezo uliokaribishwa kwenye nyumba ya mtu huondoka siku mwenye nyumba anapoibomoa.

Gharama ya pili imekaa mezani petu sasa hivi. Mlango ule ule wa kivinjari umemwingiza mgeni mwingine. Vijana wanamwita kindege. Ni mchezo wa Aviator, uliotolewa na kampuni ya Spribe mwaka 2019. Kwa macho ni mdogo kuliko hata dinosa: ndege inapaa, namba inaongezeka, nawe unabonyeza kutoa hela kabla haijapotea. Raundi moja ni ya sekunde chache. Watengenezaji wenyewe wanatangaza kwamba mchezo hurejesha asilimia 97, na wengi husikia hapo kwamba karibu fedha yote inarudi. Tufanye hesabu. Anayecheza raundi 100 kwa shilingi 1,000 kila raundi amepitisha shilingi 100,000, na kwa wastani ameacha 3,000 kwa mwenye mchezo. Raundi 100 hazimalizi hata mchana mmoja wa kungoja gari. Halafu wastani haumkuti kila mtu sawasawa. Mmoja anashinda na kuwatangazia wenzake kijiweni, wengine wanapoteza kimya kimya.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ipo, Bodi yake ipo, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Lakini simu ya shangazi haijui nani ameishika. Kwa hiyo simshangai mzazi anayeziogopa skrini zote kwa pamoja. Ninachomwomba ni atazame mchezo unachukua nini. Dinosa akigonga mwiba, kijana amepoteza alama, na alama hazinunui unga. Kindege kikiruka, kimeruka na nauli.

Nafika kwenye bao, ambalo baadhi yenu mmekuwa mkilingoja tangu mwanzo. Ukitafuta mchezo wa aina ya bao kwenye kivinjari, utakaokutana nao mara nyingi ni ule wa safu mbili za mashimo sita na ghala moja kila upande. Unaitwa Kalah, na ulibuniwa Marekani mwaka 1940 na William Julius Champion. Ni mchezo mzuri kwa mtoto. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, ananamua, yaani anaingiza kete moja moja ubaoni, hadi za mkononi ziishe, kisha anaingia kwenye hatua ya mtaji, na mwendo mmoja unaweza kuzunguka na kula mara kadhaa kabla ya kulala, yaani kukoma. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mabingwa wa Zanzibar akichunguza jinsi wanavyoibeba minyororo hiyo ya kete kichwani bila kugusa ubao. Mwalimu Nyerere naye alilipenda bao. Lakini kwenye dirisha linalofunguliwa na watoto wa dunia nzima, anayekaa mbele ni mjukuu aliyezaliwa Marekani.

Kuliandika bao letu liendeshwe na kivinjari si kazi ya mabilioni. Vivinjari vya leo vinaweza kuuhifadhi ukurasa wote mara ya kwanza unapofunguliwa, ukachezwa tena bila mtandao, kama dinosa. Wanafunzi waliosoma programu ya Cirulli wana msingi wa kuanzia. Ugumu upo kwenye kanuni. Kete ya mwisho ya mchezaji anayekula ikiangukia kwenye nyumba yake, lile shimo lake maalumu, ana hiari ya kulala au kusafiri, yaani kuzichukua kete zake na kuendelea. Je, hiari hiyo inabaki vilevile anapotakata, yaani anapocheza bila kula? Na nyumba ikishavunjwa, shimo lile linahesabika vipi? Kompyuta haivumilii jibu la "inategemea unacheza na nani", na najua ndani ya ukumbi huu kuna majibu zaidi ya moja. Vijana wa darasa la kompyuta wako mlangoni na daftari. Wazee wa safu ya mbele, msitoke kabla hamjabishana mbele yao.