Mstari Mmoja Ndani ya Barua: Yeremia 29:11 na Maisha ya Mkristo



Usiku wa tarehe 31 Desemba, katika makanisa mengi ya Tanzania, waumini hukesha wakingoja neno la kuanzia mwaka. Katika maneno yanayotolewa usiku ule, Yeremia 29:11 hukosekana kwa nadra. Huo ndio mstari unaowahakikishia watu kwamba Mungu anawawazia mema na kwamba mbele yao kuna tumaini. Tunauona kwenye kadi za mahafali, kwenye fulana za kwaya, kwenye ukuta wa sebule. Wapo waliovuka msiba mzito wakiushika huo tu, nami sikuja kumnyang'anya mtu kitu kilichomshikilia. Ninachodai jioni hii ni kwamba mstari huu uliandikwa kupinga mahubiri ya aina ile ile ambayo siku hizi huutumia kama ushahidi.

Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza wa Babeli alimchukua mateka Yekonia mfalme wa Yuda, pamoja na mama yake, wakuu, mafundi na wahunzi. Hekalu lilibaki limesimama, ingawa vyombo vyake vingine vilikwisha kuchukuliwa, na Sedekia akawekwa kwenye kiti cha enzi. Katika hali hiyo watu waliona ni jambo la kawaida kutumaini kwamba mambo yatarudi upesi. Nabii Hanania akasimama Hekaluni, mbele ya makuhani na umati, akatangaza muda: miaka miwili, vyombo vitarudi, Yekonia atarudi, na mateka wote naye.

Yeremia alikuwepo, amevaa nira shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli. Jibu lake la kwanza lilikuwa Amina. Sura ya 28 inasema hivyo waziwazi, na wahubiri wengi huipita sehemu hii haraka mno. Yeremia naye alitamani wana wa Yuda warudi nyumbani. Alichokataa ni kumsemea Mungu tarehe ambayo Mungu hakuitoa. Hanania akaivua ile nira, akaivunja, na Yeremia akaondoka zake. Baadaye alirudi na neno kwamba mahali pa nira ya mti itakuja nira ya chuma. Hanania alifariki mwaka ule ule.

Katika kitabu cha Yeremia, barua yenye mstari wetu inafuata mara baada ya kisa hicho. Yeremia aliwapa barua hiyo Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, wajumbe ambao Sedekia alikuwa akiwatuma Babeli. Ndani yake aliwaandikia wazee waliosalia, makuhani, manabii na watu wote walio uhamishoni: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle mazao yake, oeni na kuoza, utafuteni ustawi wa mji ule mliopelekwa, mkauombee. Kisha anaonya juu ya manabii na waota ndoto waliokuwa wakiwapa watu wanachotaka kusikia. Mstari wa 10 unataja miaka 70. Baada ya hapo tu ndipo unakuja mstari wa 11.

Tuuweke muda huo kwenye maisha ya mtu. Hata kama tunahesabu hadi mfalme Koreshi alipowaruhusu mateka kurudi, mwaka 538 kabla ya Kristo, tangu kuchukuliwa kwa Yekonia ilikwisha kupita karibu miaka 60. Wale wazee, ambao wametajwa wa kwanza kati ya waandikiwa, walikuwa wanaambiwa kwamba watazikwa ugenini. Tumaini lao lilikuwa la kweli, lakini lingefika mikononi mwa wajukuu. Walitakiwa kulipokea hivyo hivyo, na asubuhi yake wakachimbe misingi ya nyumba.

Mkristo atauliza kama barua ya Wayahudi wa Babeli inamhusu yeye. Inamhusu, na Agano Jipya lenyewe limeitengeneza njia hiyo. Waraka wa kwanza wa Petro unawaita waumini wageni na wapitaji, na mwishoni unaleta salamu kutoka Babeli. Paulo naye anamwagiza Timotheo kwamba waumini wawaombee wafalme na wenye mamlaka, ili maisha ya watu yawe tulivu. Agizo la Yeremia kuhusu mji wa ugenini halikufa pamoja na Babeli. Anayetaka mstari wa 11 uwe wake hawezi kuukataa mstari wa 7.

Chukueni kijana aliyemaliza chuo na hana ajira. Akiambiwa kwamba kwa mstari huu atapata kazi kabla ya Pasaka, amepewa neno la Hanania lililobandikwa jina la Yeremia. Pasaka ikipita, ataona kwamba ama Mungu amemdanganya ama imani yake ni dhaifu, na vyote viwili ni uongo. Akifundishwa barua nzima, ataanza hapo alipo: ajifunze ufundi, alime, aoe mahari ikipatikana, ahangaikie mtaa wake upate maji, huku akijua kwamba Mungu hajamsahau. Hiyo ndiyo faraja ninayoiona katika barua hii, na naiona ina nguvu kuliko ile ya tarehe.

  

Yeremia mwenyewe aliyaishi aliyoyaandika. Sura ya 32 inatuonyesha jeshi la Babeli limeuzunguka Yerusalemu, na nabii amefungwa katika uwanja wa walinzi. Binamu yake Hanameli akaja kumwuzia shamba la Anathothi, na Yeremia akalinunua kwa shekeli 17 za fedha. Hati zikaandikwa mbele ya mashahidi, moja ikatiwa muhuri na nyingine ikaachwa wazi, naye akamwagiza Baruku, mwandishi wake, aziweke katika chombo cha udongo zikae siku nyingi. Baadaye alipelekwa Misri, na hatusomi popote kwamba alilima hata tuta moja katika shamba hilo.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji mlio hapa, mtakapowaandalia waumini neno la mkesha, msiupeleke mstari wa 11 peke yake. Isomeni barua yenyewe kwa sauti, kutoka mstari wa kwanza hadi wa 14. Haichukui hata dakika tano, na wenye kukesha wana usiku mzima.