Ukoo wa Kirusi na Bomba la Sindano



Mgonjwa akiambiwa ana homa ya ini C, huuliza: "Daktari, virusi vyangu ni vingi?" Kliniki za UKIMWI zimemzoesha swali hilo. Hapa halimsaidii sana. Mwenye mamilioni katika mililita ya damu anaweza kuwa na ini laini, na mwenye maelfu tu akawa nalo limejaa makovu. Wingi ulikuwa na uzito enzi za interferoni, dawa ya zamani ya ugonjwa huu, kwa kuwa ulipunguza uwezekano wa kupona.

Ukoo wa kirusi ndio unaosema zaidi. Kirusi hiki hunakili RNA yake, yenye herufi takriban 9,600, bila kusahihisha makosa, na makosa hayo yamezaa koo 8 na matawi mengi. Ukoo wa 3 hujaza ini mafuta na kuharakisha makovu. Ukoo wa 1 na wa 4 uliisumbua interferoni: matibabu ya wiki 48, na kwa ukoo wa 1 karibu nusu ya wagonjwa hawakupona. Bahati mbaya, 1a na 4a ndiyo matawi yaliyoonekana zaidi kwa watu wanaojidunga Dar es Salaam.

Utafiti wa Temeke, jijini humo, wa mwaka 2011 ulikuta zaidi ya robo ya waliopimwa miongoni mwa watumiaji wa dawa za kulevya wana kingamwili za kirusi hiki. Tazameni bomba la sindano lenyewe: hata likisukumwa hadi mwisho, damu kidogo hubaki shingoni, na maabara imeonyesha kirusi kinaweza kuishi humo hadi siku 63. Mwaka 2005 iliripotiwa pia kwamba baadhi ya wanawake jijini walikuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga heroini, ili kutuliza arosto.

Leo kuna kidonge cha sofosbuvir na velpatasvir, kimoja kwa siku kwa wiki 12, na zaidi ya 95% hupona. Wenzangu wengi wanasema ukoo hauna maana tena. Sikubali. Nchini Rwanda, ledipasvir na sofosbuvir, dawa iliyotegemewa kwa ukoo wa 4, iliwaponya 56% tu ya wenye tawi la 4r. Kigali si mbali nasi, na tawi hilo linaweza kutufikia. Mizigo yake hupitia bandari yetu.

Kliniki za methadoni, dawa mbadala ya heroini, zilizoanzia Muhimbili mwaka 2011 na kufika Mwananyamala na Temeke, humwona mteja kila siku. Kidonge cha sofosbuvir na velpatasvir angeweza kukimeza dirishani palepale. Ila kupona hakuleti kinga. Aliyepona 1a, mwakani akakutwa na 4a, ameambukizwa upya. Asipopimwa ukoo, faili lake litaandikwa kwamba dawa imeshindwa, na ataandikiwa dawa ghali zaidi wakati alichokihitaji ni bomba jipya.