Tutunze Damu Kabla Haijapungua

Leo tutazungumza juu ya kutunza damu ya mgonjwa.

Wengi wetu tukiambiwa mgonjwa amepungukiwa na damu, tunakimbia kutafuta watu wa kumtolea. Lakini damu haitengenezwi kiwandani. Hutoka kwa binadamu, na ikiwekwa kwenye jokofu hukaa wiki chache tu. Shule zikifungwa hupungua, kwa sababu wanafunzi ni wachangiaji wakubwa. Kwa hivyo ni lazima kwanza tulinde damu aliyo nayo mgonjwa mwenyewe.

Nchi mbalimbali zimeanza utaratibu huu hospitalini. Jimbo la Australia Magharibi lilianza mwaka wa 2008, na mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani lilihimiza nchi zote ziufuate. Una hatua tatu.

Kwanza, upungufu wa damu utibiwe mapema. Hapa kwetu Migori na Homa Bay adui mkubwa ni malaria, maana viini vyake huvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo. Minyoo na ugonjwa wa seli mundu pia hupunguza damu, na kila kimoja kina matibabu yake. Mama mjamzito, anza kliniki mapema na umeze tembe za kuongeza damu kila siku. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni ile dawa. Usizimeze kwa chai, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kula omena, maharagwe, kunde na osuga. Anayesubiri upasuaji usio wa dharura naye apimwe damu wiki kadhaa kabla.

Pili, damu isipotee bure. Utafiti uliotangazwa mwaka wa 2023 kutoka hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini ulionyesha jambo kubwa. Damu ya mama aliyejifungua ilipopimwa kwa mfuko wenye alama, na matibabu yote yakatolewa mara moja, madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Kwa hivyo mama, jifungulie hospitalini.

Tatu, damu iongezwe panapohitajika. Daktari hutazama namba ya maabara, na pia humtazama mgonjwa mwenyewe. Kuna mtoto atakayelazwa na kuangaliwa kwa karibu huku akitibiwa, na kuna atakayeongezwa damu papo hapo. Anayehema kwa shida au aliyepoteza fahamu hawezi kungoja. Daktari akisema damu inahitajika, tafadhali tusikatae.

Msikilizaji, unapokuwa na mgonjwa wodini, muulize muuguzi maswali haya matatu: Damu yake ni kiasi gani? Imepungua kwa nini? Atapimwa tena lini? Hayo ni haki yako kujua.

Na wewe mwenye afya njema na uzito wa kilo 50 au zaidi, jitolee kuchangia damu. Itamfaa yule ambaye hana njia nyingine.