MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

(Hotuba iliyosomwa Rasbura, Lindi, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa)



Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya kuzilinda pikipiki, magari na karakana zetu za nyumbani na wizi. Mimi si polisi, wala si fundi. Nilipotoka hapa nilikwenda Chuo Kikuu, kisha nikaingia katika utumishi wa serikali, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa masijala, kutunza majalada na orodha. Basi mtanisamehe nikilitazama jambo hili kwa macho ya karani. Wazee wetu wafanyabiashara wa mwambao walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na leo nataka tuone usemi huo unatuhusu namna gani.

Ndugu zangu, tulipokuwa wanafunzi pikipiki za mji huu zilikuwa za kuhesabika. Zilikuwa za mabwana shamba, za waganga na za watu wachache wenye uwezo. Ikilia mtaani, watoto walimjua mwenyewe kabla hajaonekana. Kisha zikaja pikipiki za bei nafuu kutoka India na China, na mwaka 2010 zikatoka kanuni zilizoruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa leseni. Leo msimu wa korosho ukiisha, mkulima wa Mtama au Nangaru akipata chochote, jambo la kwanza analofikiria ni bati la nyumba, na la pili ni pikipiki. Vikundi vya vijana navyo vinakopa katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na vingi vinanunua pikipiki. Haya ni maendeleo, na tusiyabeze.

Lakini njia nayo imefunguka. Zamani mto Rufiji ulikuwa kama kufuli yetu. Gari lililotoka Lindi lilipaswa kungoja kivuko cha Ndundu, na wakati wa masika safari ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa ya siku kadhaa, au haikuwapo kabisa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ikafuata. Daraja hilo tulililia sana, na faida yake tunaiona. Hata hivyo yatupasa kujua kwamba kitu kilichoibwa Rasbura usiku wa manane kinaweza kuwa kimevuka Rufiji kabla ya watu kunywa chai ya asubuhi. Ukipita Mnazi Mmoja ukashika njia ya upande wa pili, unaelekea Masasi na Nachingwea. Zile siku za kumkamata mwizi kwa sababu hana pa kwenda zimepita.

Hebu tupige hesabu tujue kinachopotea. Kijana anapewa pikipiki kwa mkataba: alete shilingi 10,000 kila siku kwa siku sita za wiki, na akimaliza muda wake pikipiki iwe yake. Kwa mwaka mmoja atakuwa ameleta shilingi 3,120,000. Amekula kidogo, amelala kidogo, amenyeshewa mvua. Ikibaki miezi miwili, pikipiki inaibwa. Mwenye mali anasema, "Umeiuza." Kijana hana cha kujibu. Bima iliyopo ni ile ndogo ya lazima, inayomlinda mtu mwingine atakayeumizwa barabarani, nayo hailipi wizi hata senti moja. Anayetaka kulipwa akiibiwa lazima awe na bima kubwa. Kwa hiyo mwizi amechukua chombo cha mmoja, jasho la mwingine, na imani iliyokuwapo baina yao. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakiacha kuzikana kwa jambo kama hili.

Sasa tufanye nini? Nitasema mambo matatu.

La kwanza ni kufuli, na juu ya hili sitasema sana kwa kuwa wengi mnajua. Kufuli ya usukani peke yake haimzuii mwizi mzoefu. Tumia mnyororo mnene, upitishe katika gurudumu la nyuma na katika chasisi, kisha uufunge kwenye kitu kisichong'oleka, kama nguzo au pete ya chuma iliyomwagiwa zege. Mnyororo usilale chini, kwa sababu kufuli iliyolala sakafuni hupigwa nyundo kwa urahisi. Sisi watu wa pwani tuna adui mwingine, nayo ni hewa ya chumvi. Kufuli inashika kutu, ufunguo unagoma, na mwenyewe anaanza kusema, "Leo niiache tu." Tone la oili kila wiki linatosha kuondoa udhuru huo. Mwenye uwezo na afunge kifaa cha kufuatilia chombo kwa simu, lakini akumbuke kuwa laini iliyokwisha salio haifuatilii kitu.

Kwa upande wa madereva, tusisahau kofia ngumu. Mtauliza kofia inahusiana vipi na wizi. Ujerumani Magharibi, mwaka 1980, polisi walianza kuwatoza faini papo hapo waendesha pikipiki wasiovaa kofia. Nia ilikuwa kuokoa vichwa. Lakini wizi wa pikipiki, uliokuwa kama 150,000 kwa mwaka, ulishuka hadi kama 50,000 ilipofika 1986. Sababu yake ni rahisi. Wengi walioiba walikuwa wapita njia walioona nafasi, na hawakuwa wametoka nyumbani na kofia. Aliyepanda bila kofia alisimamishwa njiani. Nasi pale ambapo kila dereva na kila abiria amevaa, asiyevaa ataonekana. Kadhalika kijiwe kiwe na utaratibu: anayepata abiria wa mbali usiku amwambie mwenzake anakwenda wapi na anambeba nani. Abiria wawili wanaotaka mshikaki kwenda porini usiku wakataliwe, kwanza kwa sababu ni kosa, na pili kwa sababu wako vijana waliouawa kwa ajili ya pikipiki katika safari za namna hiyo.

La pili ni daftari. Kufuli humchelewesha mwizi kwa dakika chache. Maandishi hufanya kazi miaka mingi baada ya kufuli kuvunjwa. Kila mwenye pikipiki au gari aandike mahali pawili namba ya usajili, namba ya chasisi na namba ya injini, rangi, na alama yoyote ya pekee: mkwaruzo, kiti kilichoshonwa, taa iliyobadilishwa. Picha ya simu itasaidia, ila simu nayo huibwa, kwa hiyo karatasi iwepo. Kadi isikae ndani ya chombo. Wapo wanaoifungia kadi chini ya kiti cha pikipiki, na hapo mwizi amepata mali pamoja na hati yake.

Ukiibiwa, nenda kituo cha polisi saa ile ile ukachukue RB, wala usianze kwa mganga wala kwa kuzunguka mitaani. Askari akipewa maneno kwamba "imeibwa pikipiki nyekundu" atafanya nini, ikiwa nyekundu zimejaa njia nzima? Akipewa namba ya chasisi anaweza kumpigia mwenzake wa Nangurukuru au Masasi naye akajua anatafuta nini.

Mafundi wa karakana za nyumbani nao wanahusika. Seremala, mchomeleaji na mshona nguo wana mali nyingi kuliko wanavyodhani. Grinda, drili, jenereta, mashine ya kuchomelea, cherehani: kila kimoja kina namba ya kiwandani iliyobandikwa kwa karatasi au kibati, na kibati hubanduka. Piga jina lako au alama yako kwenye chuma chenyewe. Dar es Salaam na Nairobi wenye magari huandikisha namba ya gari juu ya vioo na taa, kwa sababu wamechoka kuibiwa kioo cha pembeni leo na kesho kuuziwa kioo hicho hicho. Fundi pia awe na daftari la vitu vya wateja, maana redio au betri ya mtu ikiibwa karakanani kwako, ni wewe utakayedaiwa.

La tatu ndilo kubwa, nalo linatugusa wote tulio hapa. Mwizi hali pikipiki. Anaiba kwa kuwa anajua yuko mtu atakayenunua bila kuuliza. Mtu huyo mara nyingi si jambazi. Ni mtu mwema, ana familia, anasali. Ameletewa betri kwa theluthi ya bei akasema ni bahati yake. Ameuziwa pikipiki "isiyo na kadi, kadi itakuja," akalipa. Fundi ameletewa injini usiku akaifunga bila kuitazama namba. Kila mmoja wao akiibiwa yeye, atalia kwamba Lindi imeharibika.

Tujue sheria inasemaje. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 311, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kuamini kuwa imeibwa, na adhabu yake inaweza kufika miaka 10 jela. Bei ya ajabu ni sababu ya kuamini. Kukosekana kwa kadi ni sababu ya kuamini. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujatoa fedha, linganisha namba zilizo kwenye chombo na zilizo kwenye kadi, moja moja. Muone muuzaji na kitambulisho chake. Andikeni hati ya mauzo mbele ya mashahidi au mwenyekiti wa mtaa, kisha mkahamishe umiliki TRA. Chombo kinachobaki kwa jina la mtu aliyeuza miaka mitano iliyopita, hata mwenye nacho wa haki hupata taabu kuthibitisha kuwa ni chake.

Kabla sijamaliza, yako jambo linalonitia uchungu kulisema mbele ya wanafunzi, lakini ni lazima. Mara kwa mara katika nchi yetu anashikwa kijana, inapigwa kelele ya mwizi, na kabla jua halijazama amekwisha kuuawa, pengine kwa kuchomwa moto. Baadaye magazeti huandika "wananchi wenye hasira kali." Hao wananchi wana majina, na walilofanya ni mauaji. Safari nyingine hubainika kwamba aliyeuawa aliisukuma pikipiki yake mwenyewe iliyoharibika. Sheria haikosi ukali, kwani kifungu cha 287A kinaweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi, na kesi isiyo na ushahidi huanguka. Mtu anayeweza kuitambua mali yake mahakamani kwa namba na kwa alama ana silaha nzuri kuliko tairi na petroli. Ninyi vijana, mkisikia kelele hizo msikimbilie kutazama. Kimbilieni kuita mjumbe na polisi.

Ndugu Mwenyekiti, nisiondoke bila kuacha kazi. Napendekeza Umoja wetu ununue seti mbili za herufi na namba za chuma, zile ambazo mafundi hupigia alama kwa nyundo, zikae hapa shuleni chini ya mwalimu mmoja. Siku moja kila muhula, mafundi na waendesha bodaboda wa Rasbura waalikwe walete vyombo vyao pamoja na kadi na risiti, vipigwe alama na kuandikwa katika daftari, na nakala moja ikae ofisi ya kata. Mimi nitatoa mchango wangu leo kabla ya chakula, na kwa kuwa kazi ya masijala naijua, nitawaonyesha wanafunzi namna ya kulipanga daftari lenyewe.

Nanyi wadogo zetu, mtakapokwenda likizo, kila mmoja akae na baba, mama, mjomba au kaka yake, aandike mali ya nyumbani kwao yenye namba, hata kama ni baiskeli moja tu. Wazazi wengine hawaoni vizuri maandishi madogo ya kwenye chasisi. Ninyi mnayaona.