Mmea Usioujua: Utazame Wote Kabla ya Kuupa Jina

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya wakulima, Karagwe na Kyerwa)



Katika ziara zetu vijijini tunaulizwa mara kwa mara: "Mmea huu ni dawa au ni gugu?" Mara nyingi tunaletewa jani moja tu. Jani moja halitoshi, na jibu likikosewa anayeumia ni mtoto aliyenyweshwa.

Tuchukue mfano. Artemisia, inayolimwa kwa ajili ya dawa ya malaria, ina majani yaliyochanikachanika. Gugu karoti nalo lina majani ya namna hiyo. Gugu hili asili yake ni Amerika, na mwaka 2010 lilitambuliwa Arusha. Huwasha ngozi, huchochea pumu, na hupunguza mavuno. Ukitazama mmea mzima utaona tofauti: artemisia hunukia sana na maua yake madogo ni ya manjano, na maua ya gugu karoti ni meupe.

Kwa hiyo, ukikuta mmea usioujua, andika katika daftari:

1. Mahali na tarehe: ni shambani kwenye migomba, kando ya barabara au bondeni?
2. Kimo na shina: ni la mviringo au la pembe nne? Lina utomvu?
3. Majani: yanaelekeana mawili mawili au yanapishana?
4. Maua, matunda na mbegu: rangi na umbo.
5. Majina ya wenyeji. Omubirizi wetu kwingine huitwa mtugutu. Jina la kisayansi linalotumiwa sana ni Vernonia amygdalina.

Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi, na usionje. Chukua tawi lenye maua, ulibane ndani ya magazeti, ubadilishe magazeti kila siku hadi likauke. Kisha mpelekee bwana shamba au bibi shamba pamoja na maelezo yako. Akishindwa, sampuli hiyo inaweza kupelekwa kwenye hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, Arusha.

Jambo la mwisho: kujua jina si ruhusa ya kunywa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa haliungi mkono kutibu malaria kwa chai ya artemisia. Mwenye homa apelekwe zahanati, apimwe.

Tunaomba kila kikundi kianze daftari lake la mimea. Wazee watoe majina, vijana waandike.